Harusi Isiyopiga Honi

Magurudumu yote manne yalikuwa yamelala chini.

Sermet Aksungur aliinama, akapitisha kidole kwenye mpasuko wa tairi la mbele. Kisu. Kisu kizuri, mkono wa mtu aliyezoea. Gari la Idara ya Ujasusi, lenye injini ya kumwacha yeyote vumbini, lilikuwa limekaa pale kwenye maegesho kama ng'ombe aliyegoma kuinuka.

Na kule mbele, Mercedes nyeupe iliyopambwa maua ilikuwa inapita kizuizi cha kutokea.

Ndani yake alikuwamo Nihal Torun.

Sermet alikuwa amewaona kwa macho yake. Wanaume wawili, suti nyeusi, mmoja mwenye mvi, bibi harusi katikati yao wamemshika makwapani kana kwamba furaha imemlegeza miguu. Gauni jeupe, shela nyekundu hadi kidevuni. Lakini gauni lilipoinuka kidogo wakati wanamwingiza garini, chini yake kulikuwa na viatu vya kupandia milima. Vya kahawia, soli nene, kamba za manjano.

Jana yake kwenye simu Nihal alimwambia: "Nitavaa viatu vya mlimani, miguu yangu huvimba kwenye ndege. Usinicheke."

Naye Sermet akajibu: "Sitakucheka. Na usiogope. Ukishuka, utaniona mimi kwanza."

Maneno hayo ndiyo yaliyomtoa mwanamke yule mafichoni. Ndege ikahamishiwa mlango mwingine, Sermet akafika amechelewa anahema, na wa kwanza kuonwa na Nihal akawa ni mtu mwingine kabisa.

"Kunguru kwa Mnara!" alisema kwenye kidude cha sikioni huku akikimbia. "Wamemchukua. Gari la harusi, Mercedes nyeupe. Namba imefunikwa kwa kibao cha TUNA FURAHA."

"Hapana, Kunguru." Sauti ya Bi Mualla, mkuu wake, ilikuwa baridi kama kawaida. "Kifaa cha kumfuatilia kilichomo kwenye mkoba wake kinaelekea magharibi. Kiko ndani ya basi la abiria. Magari yote yako nyuma ya basi hilo."

"Bi Mualla, nimeona viatu vyake!"

"Kifaa hakina macho ya kudanganywa. Wewe unayo. Rudi kwenye gari lako."

"Gari lipi?" Sermet akasema, na akakata.

Ni lazima tuseme hapa kwa nini mtu mzima, mwenye bastola ya Sarsılmaz kiunoni na miaka yake kazini, alikuwa anataka kulia. Nihal Torun alikuwa mkemia. Kwa miaka mingi alifanya kazi ughaibuni kwenye kiwanda cha tajiri mmoja aitwaye Dresner, mpaka siku alipofungua pipa lililoandikwa "rangi ya nyumba" akakuta gesi ya sumu. Mapipa kama hayo, mamia, yalikuwa kwenye meli iliyozuiwa bandarini Istanbul. Amri ya kuizuia ilikuwa inaisha leo Jumapili saa kumi alasiri. Jaji wa zamu alisema jambo moja tu: nimsikie shahidi kwa kinywa chake. Asipofika, meli inaondoka na mauti yake, na shahidi asiyehitajika tena hafikishwi popote. Hutupwa majini.

Saa ilikuwa nane na nusu.

Kwenye foleni ya teksi, Sermet alifungua mlango wa Fiat ya kwanza ya manjano, akajitupa ndani. Dereva, mtu wa makamo mwenye masharubu mazito, alikuwa anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe.

"Wapi, kaka?" akauliza bila kugeuka. "Nakuambia mapema, safari fupi sichukui. Karibu siendi."

"Lifuate lile gari la harusi!"

"Umealikwa?"

Sermet angeweza kutoa kitambulisho. Lakini dereva wa Istanbul akiona kitambulisho cha serikali huzima injini na kusema gari limeharibika. Akasema la kwanza lililomjia mdomoni.

"Mimi ni kaka wa bibi harusi."

Dereva aliacha kutafuna. Akageuka, akamtazama: shati limetoka nje, jasho linamtiririka.

"Kaka wa bibi harusi, na wamekuacha uwanja wa ndege?" Masharubu yalitetemeka. "Wamemtorosha! Wamemtorosha dada wa watu!"

"Wamemtorosha."

"Lo! Na dunia imekwisha. Jifunge mkanda. Mimi naitwa Hikmet, na mimi pia nina dada."

Fiat iliruka.

*

Barabara ya kuingia mjini ilikata msitu, ikapanda, ikashuka. Hikmet aliendesha kama mtu aliyetukanwa. Mercedes ilikuwa mbele, nukta nyeupe inayopotea na kuonekana tena. Sermet alikaza macho mpaka yakawasha.

"Huyo bwana harusi ni mtu wa wapi?" aliuliza Hikmet.

"Mgeni. Ana mvi."

"Mvi!" Hikmet akapiga usukani. "Baba yako anajua?"

"Tazama mbele, Hikmet!"

Lori la mchanga. Breki. Matairi yakalia. Fiat ikapenya kati ya lori na ukuta, kioo cha pembeni kikabaki nyuma. Hikmet hakukiangalia hata kidogo.

Kisha wakafika mtaa wa Kağıthane.

Jumapili. Mwezi wa sita. Istanbul nzima ilikuwa inaoa na kuolewa.

Foleni ilikuwa imejaa magari ya harusi. Moja, tatu, sita. Yote meupe, yote na maua, yote namba zimefunikwa. TUNA FURAHA. TUNAOANA. TUNA FURAHA. Mabinti wametoka madirishani hadi kiunoni wanapunga leso, wanaume wanapiga ngoma juu ya paa, honi zinalia mpaka mtu hayasikii mawazo yake. Ndani ya moja ya magari hayo, mwanamke aliyechomwa sindano ya usingizi alikuwa anapelekwa kufa. Lipi?

Sikioni, mlio.

"Kunguru." Safari hii sauti ya Bi Mualla ilikuwa imepasuka. "Tumelisimamisha basi. Tumeukuta mkoba."

"Na Nihal?"

"Mkoba peke yake."

Sermet alipiga ngumi kwenye mlango wa Fiat.

"Magari yangu yako mbali, mwanangu. Mwendo wa saa nzima. Polisi nao wamekwama kwenye foleni hiyohiyo uliyomo." Katika miaka yote ya kazi, Bi Mualla hakuwahi kumwita mwanangu. "Nimekosea. Mtafute. Tafadhali."

Mtafute! Kwa macho gani? Sermet aliweka kichwa kwenye dashibodi. Aliisikia tena sauti ya yule mwanamke kwenye simu, ikicheka kwa woga: *usinicheke*. Alimwahidi. Mtu hajawahi kukuona, anakuamini kwa sauti tu, anapanda ndege. Ee Mungu, nionyeshe.

"Kaka," alisema Hikmet taratibu. "Lile pale mbona limenuna?"

"Lipi?"

"Lile, nyuma ya basi dogo. Halipigi honi."

Sermet aliinua kichwa. Kweli. Katika ghasia yote ile, Mercedes moja ilikuwa kimya. Hakuna mkono dirishani, hakuna leso. Vioo vimepandishwa juu.

"Harusi bila honi?" Hikmet alitema ganda. "Kwetu hata maiti hatumsindikizi kimya hivyo. Huyo bwana harusi hajui desturi, au ana la kuficha."

Dresner. Yule mwenye mvi, mgeni asiyetaka kelele. Aliazima mavazi yetu ya furaha ili asisimamishwe na polisi, akasahau kuazima furaha yenyewe.

Mercedes ilikata kulia, ikaacha barabara kuu.

"Inakwenda Hasköy," alisema Hikmet. "Inashuka kwenye maji."

*

Hasköy ni mteremko. Nyumba zimeegemeana, barabara inazunguka kama utumbo mpaka ukingoni mwa ghuba ya Haliç. Fiat ilifika juu ikakuta gari la mboga limesimama katikati, mwenye nalo anapima nyanya na hana haraka na mtu.

Hikmet alipiga honi, akatukana. Muuza nyanya naye akatukana, tena kwa ufundi zaidi.

Sermet aliruka nje. Kutoka pale juu aliona kila kitu. Mercedes ikizunguka kona ya pili. Na kule chini kabisa, kwenye gati la mbao, boti nyeusi ya mwendo kasi, injini inawaka, moshi unapaa. Kona nne zaidi na Nihal angekuwa ndani yake. Bastola kutoka hapa? Madirisha yamejaa watu.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Inapita njia gani?" alifoka. "Ile barabara, inapita wapi?"

"Kuna moja tu. Inapita mlangoni kwa shangazi yangu Makbule." Hikmet akajipiga paji la uso. "Shangazi!"

Simu ilikuwa sikioni kabla hajamaliza kusema.

"Shangazi! Uko nje? Unamenya maharage? Acha maharage! Kuna bibi harusi anashuka kwenu sasa hivi. Ndiyo, Mercedes. Bwana harusi mgeni, mtu wa yuro. Wallahi naapa! Zibeni njia, msimwachie mpaka atoe bahasha ya pesa! Nini? Kamba yoyote, shangazi, hata ya nguo!"

Akamgeukia Sermet. "Ngazi ile pale, kati ya nyumba. Inakata moja kwa moja. Kimbia, kaka!"

Sermet alishuka zile ngazi za mawe akiruka tatu tatu. Paka walitawanyika. Alijikwaa, akagonga ukuta kwa bega, mkono ukachanika, akaendelea. Kifua kilikuwa kinawaka moto. Nimechelewa mara moja, alijiambia. Si mara mbili.

Akatokea barabarani.

Akaona.

Kamba ya nguo ilikuwa imevutwa kutoka mlango hadi mlango, shuka mbichi na soksi bado zinaning'inia. Upande mmoja ameishika mama mnene mwenye kitambaa cha maua kichwani, huyo ndiye Makbule. Upande wa pili jirani yake mwembamba. Nyuma yao akina mama sita, wanapiga makofi na vigelegele.

Mercedes ilikuwa imesimama.

Dereva wake, kijana wa kukodiwa pamoja na gari, alikuwa ameteremsha kioo na kujipapasa mifuko.

"Endesha!" ilisikika sauti ya Dresner kutoka nyuma.

"Kanyaga mafuta, mpumbavu!" alinguruma mtu aliyekaa mbele, pande la mtu lenye shingo ya fahali.

"Kaka, unasema nini?" Dereva alishangaa kwelikweli. "Niwakanyage akina mama kwenye kamba ya harusi? Hiyo ni nuksi ya maisha! Toeni bahasha tu, tutapita. Hamkuandaa bahasha?"

Hawakuwa na bahasha. Walikuwa na boti, sindano, bastola zenye viziba sauti, na vibao vya namba. Bahasha ya kuwapa wanaoziba njia, jambo ambalo kila mtu mjini hapa analijua, hawakuwa nayo. Shingo ya Fahali akatoa noti, akaitupa nje ya dirisha.

Noti ikaanguka kwenye maji machafu.

Vigelegele vilikatika.

"Tunatupiwa kama njiwa?" alisema Makbule polepole. Akamkabidhi mwenzake ncha ya kamba, akaja hadi dirisha la nyuma, akagonga. "Fungua nimpe mwanangu mkono. Mashallah, nimpe mkono nimwombee."

Dereva, kwa aibu aliyokuwa nayo, alibonyeza kitufe. Kioo cha nyuma kikashuka. Makbule akaingiza mkono, akaushika mkono wa bibi harusi.

"Mbona baridi hivi?" Akaugeuza kiganja. "Na hina iko wapi? Jamani, njooni muone. Bibi harusi hana hina! Na mshipi mwekundu kiunoni? Mbona hakuna aliyemfunga?"

"Bado hajafungwa, shangazi," alisema Sermet.

Alikuwa anatembea katikati ya barabara, mikono wazi pembeni. "Kazi hiyo ni ya kaka. Mimi ndiye kaka yake."

Shingo ya Fahali alimtambua. Mkono wake ulishuka kwenye mapaja, mdomo mweusi wa bastola ukachungulia juu ya mlango. Na nyuma, Dresner, mvi zake zimepakwa mafuta, ua jeupe kifuani, alisogeza kitu kidogo chini ya shela. Bomba la sindano.

"Hatua moja," alisema Dresner, "na hataamka."

Akina mama waliganda. Sermet pia. Bastola yake ilikuwa kiunoni nyuma, mbali kama Ankara. Akichomoa, Nihal amekufa. Asipochomoa, wanapita, na Nihal amekufa. Hakuwa na kitu duniani isipokuwa ile sauti aliyoiamini mwanamke yule kwenye simu. Basi akaitumia hiyohiyo, taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Bi Nihal. Ukishuka, utaniona mimi kwanza. Nilikuambia."

Chini ya shela, kichwa kiliinuka kidogo.

"Viatu vyako sijavicheka," alisema Sermet. "Ni vizuri. Ni vizito."

Kiatu cha mlimani kiliinuka, kikashuka kwa nguvu zote zilizobaki ndani ya mwili ule juu ya mguu wa Dresner.

Mfupa ulilia. Dresner alipiga yowe, sindano ikaruka, ikachomeka kwenye kiti.

"Bunduki kwenye gari langu?" alibweka dereva, ambaye sasa ndiyo kwanza alikuwa ameiona. Alifungua milango yote, akatoka kama panya.

*Paf!* Bastola yenye kiziba ilikohoa. Risasi ikatoboa shuka ya Makbule. Sermet alikuwa ameshaanguka chini, akabingirika, akaukamata mlango wa mbele na kuuvuta. Shingo ya Fahali alitoka na mlango. Ngumi ya kwanza ya koo. Ya pili ya kifundo cha mkono. Bastola ikaanguka, jirani mwembamba akaipiga teke mtaroni. Jitu lilijaribu kuinuka.

"Shuka yangu mpya!" alisema Makbule, na kamba ikamshukia jitu shingoni, soksi na yote. Akina mama wanane walivuta kwa pamoja.

Sermet alichomoa Sarsılmaz, akaiweka katikati ya mvi.

"Bwana harusi," alisema, "shuka."

Kule chini, boti nyeusi iliona haya yote, ikageuza pua na kukimbia peke yake.

*

Saa tisa na dakika arobaini. Mahakama ya Çağlayan, juu kule, ng'ambo ya foleni.

Hikmet alifika na Fiat yake, anahema kuliko injini. Akaangalia bibi harusi aliyelala begani kwa Sermet, akaangalia bwana harusi aliyefungwa kwa kamba ya nguo.

"Teksi haitapita foleni ile," alisema. "Polisi watakusimamisha, kila mtu atakusimamisha. Lakini kuna gari moja mjini hapa ambalo watu huliachia njia."

Wote waliitazama Mercedes.

"Mimi naendesha," alisema yule kijana wa kukodiwa. "Wallahi sikujua, kaka. Waliniambia ni bibi harusi mwenye haya. Niacheni niendeshe."

"Piga honi," alisema Sermet.

"Niipige?"

"Usiiachie hata mara moja!"

Akina mama walibaki kuwalinda wale wawili mpaka polisi wafike. Makbule alikimbia ndani akatoka na bakuli. Gari lilipoondoka alimwaga maji barabarani nyuma yake, kama anavyomwagiwa kila msafiri anayependwa, aende kama maji, arudi kama maji. Fiat ya manjano ilitangulia, honi mbili zikalia kwa pamoja, na Istanbul ikafanya inavyofanya siku zote ikisikia harusi. Mabasi yalisogea. Malori yalipanda ukingo wa barabara. Askari wa trafiki alisimamisha msafara mzima wa magari, akapiga saluti kwa tabasamu.

Nihal alifungua macho mara moja njiani. "Tunakwenda wapi?"

"Mjini," alisema Sermet. "Ulikotaka kwenda."

Jaji wa zamu alikuwa ameshafunga kalamu. Mlango ulipofunguka akaona mwanamke mwenye gauni la harusi, shela shingoni, viatu vya mlimani, anashikiliwa na mtu mwenye damu kwenye mkono wa shati.

"Jina lako?" aliuliza.

Mwanamke aliachia mkono uliomshikilia. Akayumba. Akasimama.

"Nihal Torun. Mapipa yale si rangi, mheshimiwa. Niliyafungua mwenyewe."

Sermet alitoka nje ya chumba, akaegemea ukuta. Mlio sikioni.

"Meli imefungwa minyororo," alisema Bi Mualla. Alipiga kikohozi kidogo. "Kifaa hakina macho, Sermet. Nimelikumbuka hilo."

Walipomtoa Nihal, daktari upande huu na walinzi upande ule, alisimama mbele yake. Alimtazama kuanzia kichwa hadi miguu.

"Nilitegemea mtu mrefu zaidi," alisema. "Sauti yako ni ndefu kuliko wewe."

"Nilichelewa, Bi Nihal."

"Ulichelewa." Machozi yalimtoka, akayaacha. "Lakini nimeshuka, na nimekuona." Akaivua shela nyekundu, akaifunga kwenye mkono wa Sermet uliokuwa unatoka damu, akakaza fundo.

Nje, Hikmet alikuwa bado yupo, anatafuna mbegu zake.

"Dada yako?"

"Yuko salama."

"Alhamdulillahi! Na bwana harusi?"

"Amepata nyumba. Ukuta mnene, chakula bure." Sermet alifungua mlango wa Fiat. "Nipeleke Şişli, Hikmet. Nalala nimesimama."

Hikmet alikunja uso. "Şişli? Şişli hii hapa?"

"Hiyohiyo."

"Kaka, nakupenda, Mungu shahidi. Lakini nilikuambia tangu mwanzo." Akawasha injini. "Karibu siendi."

Na akaondoka, kweli.

Sermet alisimama pale kwenye ngazi za mahakama, shela nyekundu mkononi. Kisha akavaa miwani yake ya jua, akachomekea shati, akaanza kutembea. Kwenye makutano msafara wa harusi ulikuwa unapita, magari saba, ngoma juu ya paa, honi za kupasua masikio. Alisubiri kando ya barabara mpaka honi ya mwisho ipite, ndipo akavuka.